Gari Dogo la Mama Maziwa

Mji mzima wa Isiolo ulimwita Mama Maziwa. Hata wanawe walioko Nairobi, wakimpigia simu wakamkosa, walinipigia mimi jirani yake na kuniuliza, "Mwalimu, Mama Maziwa yuko?" Tuliishi mtaa wa Kiwanjani miaka mingi, ua wa mabati kati yetu, na kupitia mabati hayo nilisikia karibu kila neno alilosema, kwa sababu hakujua kusema polepole. Ukubwani mwake wote alikuwa amezungumza na ngamia, na ngamia akiwa ng'ambo ya bonde humwiti kwa kunong'ona.

Salamu zake zilikuwa na mwendo wao. "Salaam aleikum Mwalimu umelala vizuri watoto wa shule wazima alhamdulillahi!" Yote kwa pumzi moja, maswali na majibu pamoja, nawe kazi yako ni kutikisa kichwa tu. Mgeni aliyejaribu kujibu mwenyewe alimchelewesha, na Mama Maziwa alimtazama kama mtu aliyesimama katikati ya mlango.

Kazi yake ilikuwa ya maziwa ya ngamia. Alfajiri wachungaji waliyaleta kutoka malishoni, yeye akayanusa, akayaonja, akayakataa yale ya watu wavivu, kisha akajaza mitungi mikubwa ya njano na kuiwahisha ofisi ya basi ili ifike Nairobi kabla jua halijaharibu kila kitu. Kutoka kwake mpaka ofisi ya basi si mbali. Mitungi ilienda kwa bodaboda, imefungwa kwa mpira pande zote mbili, naye mwenyewe akipanda nyuma ya bodaboda nyingine akifuata mali yake na kuipigia kelele njia nzima.

Halafu asubuhi moja bodaboda ya mbele ilikwepa mbuzi ikaanguka. Dereva hakuumia. Mitungi ilipasuka yote. Niliikuta barabara imekuwa nyeupe, mbwa wa mtaa wanasherehekea, na Mama Maziwa amesimama katikati, gauni limelowa mpaka magotini. Mteja wake wa Nairobi alikuwa ameshalalamika mara kadhaa kwamba mzigo unachelewa. Siku hiyo haukufika kabisa.

Jioni shemeji yake akaja. Huyu alikuwa kaka wa marehemu mumewe, mzee mwenye ndevu zilizotiwa hina na sauti ya mtu anayesikilizwa. Nilikuwa ninafua nguo upande wangu wa mabati.

"Wewe sasa ni mtu mzima," alimwambia. "Kazi hii mpe kijana wangu. Wewe kaa nyumbani, upumzike, tutakuletea."

Nilingoja jibu. Halikuja. Kwa miaka yote ya ujirani wetu sikuwahi kusikia kimya upande ule, na nilijikuta nimeshika sabuni bila kufua. Mzee akaaga akaenda, akiamini mambo yamekwisha.

Asubuhi yake mabati yaligongwa. "Mwalimu! Gari inasomewa wapi?"

"Gari gani, Mama?"

"Kuendesha. Si kuna shule?"

Ilikuwepo. Akaenda. Wanafunzi wenzake walikuwa vijana ambao baadhi yao walikuwa wamelelewa kwa maziwa yake, nao walimpisha kiti cha mbele. Siku ya mtihani alinivuta niende naye, ati nimwombee kwa upande wa Kikristo, yeye ameshamaliza upande wake. Mtihani unaanza na ubao mkubwa uliochorwa mji mdogo wenye barabara na njia panda, nawe unasukuma kigari cha kuchezea ukimweleza askari wa trafiki unachofanya. Mama Maziwa alikisukuma chake mpaka karibu na njia panda, akasimama. Askari akangoja. Naye akangoja.

"Mama, mbona umesimama?"

"Mbuzi."

Askari akatazama ubao. "Mbuzi wako wapi?"

"Wanakuja."

Askari aliinua macho dirishani, na wote tuliokuwa chumbani tukageuka naye. Barabarani kwenyewe, mbuzi walikuwa wanavuka. Alipasi.

Kupata leseni ilikuwa rahisi kuliko kupata gari, kwa sababu sasa kila mtu alikuwa na ushauri. Kijana wake mkubwa alipiga simu kutoka Nairobi akisema atafute pikapu kubwa, ya juu, yenye milango minne, gari la heshima. Alijibu kwa sauti ambayo nadhani ilifika Nairobi bila simu.

"Gari kubwa inaita watu! Harusi, wataiomba. Matanga, wataiomba. Mgonjwa, nyasi, mbuzi wa shangazi, wataiomba. Mimi nataka gari ambayo ikijaa, hata shetani anaona imejaa."

Kila mmoja alicheka, lakini yeye alikuwa amelifikiria jambo hilo sana. Alitaka gari dogo, la chini, ili asiinue mitungi mpaka kifuani. Alitaka liwe la zamani. "Gari mpya ikiugua inataka kompyuta," aliniambia. "Ya zamani inataka spana. Kompyuta iko kwa nani hapa? Spana iko kwa kila mtu." Tena alitaka lisiwe limechoka. Hapo ndipo kazi ilipokuwa, maana magari madogo ya zamani Isiolo ni mengi, na karibu yote yamechoka, ila wenyewe ndio hawachoki kuyasifu.

Basi kila Jumamosi baada ya kazi yake tulikwenda kuangalia magari. Mimi nilichukuliwa kwa sababu najua kusoma karatasi za gari. Sufuria yangu kubwa nayo ilichukuliwa kwa sababu yake haikuwa na mdomo mpana wa kutosha. Hivi ndivyo alivyojaribu gari: aliijaza sufuria maziwa karibu na ukingo, bila kifuniko, akaiweka sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, akaniketisha kando yake na kitambaa mkononi, na kunikataza kabisa kuishika. Kisha mwenye gari aendeshe. Maziwa yakimwagika kidogo, tunazungumza. Yakimwagika sana, tunashuka.

Wenye magari hawakulipenda jambo hili. Mmoja alikuwa bado hajatoa plastiki kwenye viti tangu vitoke kiwandani, na alipoiona sufuria alishikilia mlango usifunguke. Mwingine alikuja gari likinguruma, akatusalimia likinguruma, akafungua boneti likinguruma.

"Mbona huzimi?" Mama Maziwa akamuuliza.

"Iko sawa tu, Mama. Tuongee."

"Zima."

"Haina shida hata ikiwaka."

"Zima, nisikie vile inazima."

Alizima. Likazima vizuri sana. Halikuwaka tena. Tulimsaidia kulisukuma mpaka kivulini tukamwacha hapo na simu sikioni.

Kule Chechelesi tulioneshwa gari jekundu la kijana mmoja mchangamfu mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma. Lilikuwa dogo, la zamani, bei ya kuelewana. Kijana alipoliwasha, kuku walikimbia na mtoto wa nyumba ya tatu akaanza kulia.

"Hii imeanza kukohoa lini?" Mama Maziwa aliuliza kwa upole, kama anayeuliza habari za mgonjwa.

"Mathe, hiyo si kukohoa! Hiyo ni sound. Hiyo eksosi ni ya mashindano."

"Mimi nabeba maziwa. Sishindani na mtu."

"Lakini ukipita, kila mtu atajua umepita."

"Kijana, hata nikienda kwa miguu wanajua."

Hapo hata yeye alikubali. Sufuria haikutolewa hata kwenye kikapu.

Nilianza kuchoka. Yeye alichoka zaidi ila hakusema, kwa sababu shemeji yake alikuwa anapita kila Ijumaa baada ya swala kuuliza gari limefika wapi, na kila Ijumaa kijana wake alikuwa nyuma yake amevaa viatu vya kazi. Mzigo bado ulikwenda kwa bodaboda, mteja bado alinung'unika. Tuliposikia kwamba kuna karani mstaafu upande wa Burat anauza gari alilokuwa nalo tangu binti yake wa kwanza aanze shule, tulikwenda bila tamaa kubwa.

Karani alitupokea amevaa tai. Nyumbani kwake, Jumamosi, juani, tai. Gari lilikuwa chini ya banda la mabati, limefunikwa blanketi ya mistari, blanketi ya kulalia watu kabisa. Alilifunua kuanzia mbele, taratibu. Lilikuwa dogo, la rangi ya chai ya maziwa, milango mitatu ukihesabu ule wa nyuma, kioo hakina ufa, taa zimefutwa zikang'aa. Hapo Mama Maziwa akanyamaza kwa mara ya pili katika maisha yangu.

"Kwa nini unauza?" akauliza mwishowe.

"Macho," karani alisema. "Daktari amesema nisiendeshe. Sioni vizuri pembeni." Aliweka kiganja juu ya paa la gari. "Wewe utabeba nini?"

"Maziwa."

"Ya pakiti?"

"Ya ngamia."

Karani alikaa kwenye kigoda. "Mama, ile harufu."

"Harufu gani?"

"Ya ngamia."

"Ngamia hapandi. Ni maziwa peke yake."

Nilidhani safari imeishia hapo. Lakini Mama Maziwa hakununa. Alilizunguka gari, akainama, akatazama chini, akabonyeza kona moja na kuliacha lirudi lenyewe, kisha akasema, "Uliilea vizuri." Karani akasimama. Akasema kweli, aliilea. Akaanza kueleza mafuta aliyobadilisha na lini, na njia alizozikataa, na harusi alizokataa kulikodisha, na Mama Maziwa alitikisa kichwa kwa kila moja, hasa zile za harusi. Ikawa mazungumzo ya watu wanaojuana.

Jaribio la sufuria lilifanywa karani mwenyewe akiendesha, kwa njia ya uani na kipande cha barabara ambacho macho yake bado yalikijua. Niliketi nyuma na kitambaa changu. Tulipita mawe, tukapita bonde dogo, na maziwa yalicheza yakarudi, yakacheza yakarudi. Kwenye kona ya mwisho tone moja liliruka likaanguka kwenye zulia.

Wote wawili waliliona.

"Hapo ni mimi," karani alisema haraka. "Nimekata kona vibaya."

"Hapana," Mama Maziwa akasema. "Ni jiwe. Hakuna gari ingepita hilo jiwe."

Walizungumza bei mbali kidogo na gari, wakiwa wamelipa mgongo, kama watu wasiotaka lisikie. Walikubaliana, na karani akaongeza sharti moja: Jumapili baada ya kanisa awe anaruhusiwa kuja kuliona.

Sasa niseme juu ya moshi. Wanawake wa Kiborana hufukiza vyombo vya maziwa kwa vijinga vya miti ya harufu nzuri, ili maziwa yakae na yawe matamu. Mama Maziwa alifukiza mitungi yake maisha yake yote. Alipolifikisha gari nyumbani aliona kwamba nalo, kwa vile litabeba maziwa, ni chombo. Alitia makaa na vijinga ndani ya bati, akaliweka bati ndani ya gari, akafunga vioo vyote, akaingia nyumbani kupika chai.

Mwenye kibanda cha mboga ndiye aliyeona kwanza. "Gari ya Mama Maziwa inaungua!" Mtaa ulitoka. Mimi nilitoka na beseni. Moshi ulikuwa umejaa ndani mweupe pe, unachungulia pembeni mwa milango. Muuza maji aliyekuwa anapita na mkokoteni wake hakuuliza kitu. Alifungua mlango akamimina mtungi mzima, kisha wa pili, huku watu wakimshangilia. Mama Maziwa akatokea mlangoni na kikombe cha chai.

"Nani amezima dawa yangu?"

Muuza maji alijifanya anakagua tairi la mkokoteni wake. Mama Maziwa alitufukuza wote, akakausha gari kwa vitambaa, akaanza upya, safari hii akiwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango na fimbo mapajani. Tangu hapo gari lile lilinukia moshi, na aliapa kwamba maziwa yaliyosafiri ndani yake hayachachi. Mimi sikuwahi kuthibitisha. Nguo zangu tu ndizo zilizothibitisha, kila aliponipa lifti ya shule.

Katika gari lilelile alilolijaza moshi, ilikuwa marufuku kula hata njugu. Ndivyo alivyokuwa. Alisema habebi mtu, kisha humkuti barabarani bila mama mjamzito kwenye kiti cha mbele, na mama huyo akigombezwa njia nzima kwa kukaa upande mmoja na kuchosha springi. Hakuwahi kupiga honi. Aliteremsha kioo akapiga kelele mwenyewe, kwa jina la mhusika. Mwendo wake ulikuwa wa ngamia ambaye hajaambiwa kuna haraka, na bado mzigo uliwahi basi kila siku, kwa sababu alianza safari mapema kuliko kila mtu. Hata ngamia dume mwenye hasira Mama Maziwa alimshika kamba puani akamwambia maneno. Lakini lori la matrela lilimfanya atoke kabisa barabarani, azime gari na kushika tasbihi mpaka lipite.

Na hakujua kurudi nyuma. Alijifunza siku moja, akagonga pipa la taka, akaachana na jambo hilo moja kwa moja. "Nyuma nimetoka," alisema, "naenda kufanya nini?" Kwa hiyo kila alipoegesha ilibidi mbele pawe wazi. Nilimwona akizunguka mtaa mzima ili aingie uani kwa upande unaofaa. Siku moja alipitiliza duka la sukari, na badala ya kurudi hatua chache, alikwenda mpaka Chechelesi kugeuza.

Kitabu cha maelezo ya gari kilikuwa kwenye droo ya mbele. Alikileta kwangu nimsomee. Kilikuwa cha Kijapani mwanzo mpaka mwisho.

"Mama, hii siwezi kusoma."

Alinitazama, akatazama kitabu, akanitazama tena. "Na wewe unafundisha watoto?"

Nilimweleza kwamba ni lugha ya Wajapani. Akasema sawa, nisome picha. Tulikaa jioni nzima nikisoma picha.

Karani alitimiza neno lake. Jumapili alikuja na tai, akaketi kiti cha abiria, akafumba macho, na Mama Maziwa akaliwasha gari bila kuliendesha. Walikaa hivyo, yeye nyuma ya usukani, karani kando, injini ikizunguka taratibu. Mara moja moja karani alisema, "Plagi," au, "Hapo sawa." Watu wa mtaa walilitazama jambo hili na kuanza kulipa maana. Shemeji akaja.

"Kila Jumapili," alisema, "mzee wa tai anakaa ndani ya gari na mke wa ndugu yangu!"

"Anasikiliza injini."

"Saa nzima?"

"Ni injini kubwa."

Lilikuwa gari dogo kuliko yote Kiwanjani. Shemeji alijua, naye alijua kwamba shemeji anajua. Lakini milango ilikuwa wazi, barabara imejaa watu, na mimi nilikuwa nimewekwa kiti cha nyuma kama shahidi, nikisahihisha madaftari. Mzee aliguna akaondoka. Alibaki na neno moja tu la kutisha nalo. "Ngoja mvua," alikuwa akisema. "Hiyo kitu ya kuchezea, ngoja mvua ije."

Mvua ikaja. Kwenye njia ya Burat kuna laga, mto wa mchanga ambao siku nyingi za mwaka watu hupita bila kukumbuka kwamba ni mto. Maji yalikuwa yamepita usiku, yakaacha mchanga mlaini kama uji. Nilikuwa garini asubuhi hiyo, ninakwenda kumwona mzazi wa mwanafunzi wangu, naye alikuwa amekwenda kuchukua mitungi ambayo pikipiki zilishindwa kuvusha. Tulipita vizuri tukienda. Tukirudi, mitungi imejaa, gari lilifika katikati likakaa chini, taratibu, kama mtu anayekaa kwenye mkeka.

Alikanyaga mafuta. Tairi zilichimba. Akazima.

"Tushuke," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Watu walianza kukusanyika kingo zote mbili, wachungaji, madereva wa bodaboda, wanawake wa shamba. Walioshauri pikapu walikuwepo, nao walilisema tena. Mtu akasema trekta la karibu liko mbali na mwenyewe amesafiri. Juu ya milima upande wa Meru mawingu yalikuwa meusi, na kila mmoja pale alijua maji yakiteremka yatapita wapi. Mama Maziwa alisimama kando ya gari, mkono juu ya paa. Basi la Nairobi halikuwa linamngoja mtu.

Ndipo shemeji yake akafika, juu ya bodaboda, kanzu imekunjwa. Watu walimpisha. Alikuwa amengoja mvua hiyo kuliko mkulima yeyote wa Burat, na sasa alikuwa ameipata pamoja na hadhira. Alitazama gari. Alitazama milima. Nilimwona akivuta pumzi ya kusema, na Mama Maziwa akaangalia pembeni.

"Umebeba nini?" aliuliza.

"Maziwa."

"Yamejaa?"

"Yamejaa."

Alivua viatu. Akaingia mchangani na kanzu yake, akashika chini ya bampa, akavuta juu kidogo kuonja uzito. Uso wake ukabadilika. "Kumbe nyepesi hivi?" Akageuka akawapigia kelele vijana waliokuwa wanapiga picha kwa simu. "Mnaangalia nini? Njooni!"

Tulitoa mitungi kwanza, wanawake wakaipokezana mpaka ng'ambo. Kisha wanaume wakalizunguka gari, wakainama, na mzee akahesabu kwa Kiborana. Wakaliinua. Sisemi walilisukuma, waliliinua kama watu wanaohamisha kitanda, wakatembea nalo wakigombana nani anaenda haraka, dereva mmoja wa bodaboda akilia kwamba kidole chake kimebanwa, wakalitua kwenye ardhi ngumu likatikisika mara moja likatulia.

Halafu Mama Maziwa akapata sauti yake, na iliposikika nadhani iliamsha watu mpaka mjini.

"Pikapu ingelala hapa mpaka iote nyasi!"

Kicheko kilichopasuka hapo kilimchukua hata shemeji. Tulipakia, tukaenda. Kwa mara ya kwanza nikaona mshale wa mwendo ukipita nusu. Basi tulilikuta limeshawasha injini. Kijana wa viatu vya kazi alitafuta shughuli nyingine mwaka huohuo. Nilisikia baba yake ndiye aliyemwambia.

Baadaye nilihamishwa shule, nikarudi upande wa kwetu, kule juu Meru ambako kuna baridi na migomba. Tulipigiana simu mara chache, kwa sababu kuongea naye kwa simu kunaumiza sikio. Niliambiwa anaendelea. Niliambiwa karani haoni tena ila bado anakuja Jumapili, akishikwa mkono na mjukuu.

Mwaka uliopita mama yangu alifariki. Mazishi yalikuwa makubwa, mahema, magari, nyimbo, hotuba. Mama Maziwa hakuja, na kwa kweli sikumtarajia. Ule mlima wa kutoka Isiolo hadi kwetu alikuwa hajawahi kuupanda akiendesha, na malori yake ni mengi. Kisha watu waliondoka, mahema yakakunjwa, ndugu zangu wakarudi makazini, na nikabaki katika nyumba ya mama na vikombe vingi visivyo na wanywaji. Nilikuwa sijalala. Nilikuwa nikifumba macho ninasikia mtu ananiita kutoka chumba chake, naamka, hakuna mtu.

Alasiri moja nilisikia gari likipanda njia ya kwetu kwa gia ya kwanza. Lilipanda muda mrefu sana. Lilipoingia uani, majirani walikuwa wameshatoka kulitazama, dogo, rangi ya chai, mvuke ukitoka mbele. Mama Maziwa alishuka akiwa amejifunga shuka mbili kwa ajili ya baridi. Alikuwa amezeeka. Alinijia moja kwa moja na sikusikia salamu ndefu. Alinishika mabega.

"Pole, Mwalimu. Pole, binti yangu. Nilianza safari siku ya mazishi, nikakutana na malori, nikageuza. Jana nimeanza tena, nikageuza. Leo nimekataa kugeuza."

Tuliingia ndani. Alikuwa ameleta maziwa. Shangazi yangu aliyaonja kwa adabu, akaweka kikombe chini, akasema yana nguvu. Mama Maziwa aliuliza mama aliugua nini, aliteseka, alisema nini mwisho, maswali ambayo watu wote wa mazishi waliogopa kuniuliza. Nilijibu yote. Kisha alinitazama usoni kwa muda.

"Hujalala."

"Nalala kidogo."

"Hujalala. Njoo."

Alinipandisha garini, kiti cha mbele, akanifunika shuka yake moja. Nilimuuliza tunakwenda wapi, akaniambia ninyamaze. Tukatoka. Aliendesha kwa mwendo wake uleule kati ya migomba na mashamba ya chai, kioo kimefunguliwa kidogo, na ndani mnanukia moshi wa miti ya kwao. Nakumbuka kona moja, nakumbuka kanisa, nakumbuka mwanamke aliyebeba kuni akisimama kando atupishe.

Nilipofumbua macho, jua lilikuwa chini. Gari limesimama pembeni mwa barabara nisiyoijua, injini imezimwa. Nilikuwa nimelala nikitokwa mate kwenye bega kama mtoto. Mama Maziwa alikuwa ameketi wima nyuma ya usukani, tasbihi mkononi, midomo ikienda bila sauti. Lori la matrela lilipita likatutikisa, na hakuligeukia.

"Samahani, Mama. Umengoja sana?"

"Lala," alisema polepole, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. "Bado sijamaliza kuomba."

Nikavuta shuka nikalala tena.